Kanuni za jela hutungwa na nani? Kutoka Hola 1959 hadi meza ya Bunge

Kila mjadala wa magereza ukianza, iwe ni kwa runinga, kwa redio ya asubuhi ama hapa mtandaoni, kuna mtu lazima aseme: "Hayo ni mambo ya ndani ya idara. Bunge lina kazi zake." Na mwingine lazima ajibu: "Wabunge watunge sheria, watu wanateswa!" Halafu wanarushiana maneno dakika arobaini, tunaenda matangazo ya biashara.

Wote wawili wanaongea kana kwamba sheria haipo. Sheria iko, tena ni nzee kuliko wengi wetu tunaosoma uzi huu. Kinachomuumiza mfungwa, na mama yake aliyesimama langoni na mfuko wa sabuni na sukari, mara nyingi hakiko kwa ile sheria kubwa. Kiko ngazi moja ama mbili chini yake, kwa kanuni na amri ambazo hukupigia kura na hukuzisikia zikisomwa popote. Leo nataka tuzifuate hizo kanuni kutoka zilikoanzia. Sitataja mwanasiasa wala chama. Atakayevaa kofia na imtoshe, shauri yake.

Kwanza tuelewane kuhusu ngazi zenyewe, maana bila hii mengine hayatashika. Juu kabisa kuna Katiba. Chini yake kuna Sheria ya Magereza, Sura ya 90, ambayo ilipitishwa mwaka wa 1962 na kuanza kutumika mapema 1963, yaani kabla ya bendera kupandishwa. Sheria hiyo inampa waziri uwezo wa kutunga kanuni, ndizo zile Kanuni za Magereza za 1963. Na chini ya kanuni kuna amri za kudumu za mkuu wa magereza, pamoja na waraka na maagizo yanayobandikwa ukutani ama kusomwa kwa gwaride la asubuhi. Kadiri unavyoteremka ngazi hizi ndivyo karatasi inavyokuwa nyembamba na ndivyo inavyomgusa mfungwa kwa karibu zaidi. Katiba inasema ana utu. Ile karatasi ya ukutani ndiyo inaamua atapata barua yake lini.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Huduma ya magereza hapa kwetu ilipangwa rasmi mwaka wa 1911, na kazi yake haikuwa siri. Mkoloni alikuwa na kodi ya nyumba ya kukusanya, na alihitaji mahali pa kumtia yule asiyelipa. Kwa hivyo tangu mwanzo kanuni za jela zilitungwa na watu ambao hawangefungwa humo, zikawafunga watu ambao hawakuwa na mwakilishi hata mmoja mahali sheria zilipotungwa. Hilo liweke pembeni, tutalirudia.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, mambo yalibadilika kwa ukubwa. Makumi ya maelfu ya watu walitiwa kambini bila kushtakiwa kortini. Hao kisheria hawakuwa wafungwa wa kawaida. Walikuwa mahabusu chini ya kanuni za dharura, na kanuni za dharura hutungwa na gavana kwa kalamu yake. Hakuna mswada, hakuna kusomwa mara tatu.

Mwaka wa 1956 mwanamke mmoja, Eileen Fletcher, Mkwekari kutoka Uingereza aliyekuwa ameajiriwa huku kwa kazi ya urekebishaji, alirudi kwao na kuandika alichokiona. Kati ya aliyoyasema ni kwamba kule Kamiti kulikuwa na wasichana wadogo sana wanaotumikia vifungo virefu. Habari hiyo ilifika Bunge la London, serikali ikaulizwa maswali, ikapinga hapa, ikakubali pale. Kumbuka jambo moja: aliyefungua mdomo ni mtu aliyekuwa ndani na akatoka. Na mahabusu wenyewe hawakunyamaza. Waliandika barua kwa karatasi za kuokota, wakazipenyeza nje, nyingine zikafika hadi kwa wabunge wa Uingereza. Aliyeshikwa na barua alipigwa. Waliandika tu.

Sasa 1957. Kuna kambi kule Mwea ambako maafisa walikuwa wamebuni mbinu ya kuwavunja wale "wagumu": unawagawa kwa vikundi vidogo, unawalazimisha kutii amri, ukitumia nguvu. Shida ilikuwa kwamba kanuni hazikuruhusu kupiga namna hiyo. Kwa mawazo yangu hapa ndipo penye somo lote la historia hii, kwa hivyo tusikimbie. Serikali ya koloni ilikuwa na njia mbili. Ingeweza kuacha kupiga, ama ingeweza kubadilisha kanuni. Ilibadilisha kanuni. Mwanasheria mkuu wa koloni akatofautisha kwa ustadi "nguvu ya kulazimisha", ambayo sasa ingekuwa halali, na "nguvu ya kuadhibu", ambayo ingebaki haramu. Katika barua yake ya Juni 1957 kwa gavana, ambayo sisi tumekuja kuisoma zaidi ya nusu karne baadaye, aliandika kwamba kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimya kimya.

Hebu fikiria hilo. Kirungu ni kile kile, mgongo ni ule ule. Kilichobadilika ni maneno mawili kwa karatasi, na askari akawa hana kosa.

Miaka miwili baadaye tukafika Hola, huko Tana River. Kambi ilikuwa na watu 506 hivi, na kati yao 127 walikuwa wametengwa kwenye kambi ya ndani, wale waliokataa kufanya kazi kwa hoja kwamba wao si wahalifu, ni wafungwa wa kisiasa. Afisa mmoja wa magereza, Cowan, aliandika mpango: watolewe kikundi kikundi wakachimbe mitaro ya kunyunyizia maji, na wakikataa walazimishwe. Mpango ukapanda ngazi, ukapata idhini. Tarehe 3 Machi 1959 watu zaidi ya 80 walitolewa. Walipigwa kwa virungu. Watu 11 walikufa, na waliobaki wengi wao walibaki na majeraha ya maisha.

Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema nini? Kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwa tangi lililoletwa kazini. Maji! Hola, jua lile, eti maji yameua watu 11 siku moja. Uchunguzi wa kifo uliofanywa na hakimu kutoka Mombasa ndio ulioanika ukweli: miili ilikuwa na alama za kipigo. Hata hivyo hakuna mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji yale.

Lakini angalia kilichofuata. Hapa Nairobi, kwenye baraza la kutunga sheria, kulikuwa na Waafrika waliochaguliwa, 8 tangu Machi 1957 na kisha 14. Walipiga kelele kadiri walivyoweza, ila kura hawakuwa nazo. Bunge lenye meno lilikuwa London. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 kuamkia 28, suala la Hola lilijadiliwa huko hadi saa za usiku wa manane. Na hotuba inayokumbukwa mpaka leo haikutoka upinzani. Ilitoka kwa mbunge wa chama kilichokuwa kikitawala, aliyesimama akauambia upande wake mwenyewe kwamba huwezi kuwa na kipimo kimoja cha uwajibikaji nyumbani na kingine Afrika. Mtu huyo hakuwa rafiki wa Waafrika, na mambo aliyokuja kuyasema miaka ya baadaye yalithibitisha hivyo. Hata hivyo siku ile alifanya kazi ya mbunge. Ndio maana mimi huwa sishtuki mtu akiniambia "fulani ni wa upande wa serikali, hawezi kuuliza." Anaweza. Mara nyingi hataki tu.

Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa rasmi. Sisemi ni mjadala mmoja uliofanya hivyo. Lakini baada ya Hola serikali ya Uingereza haikuweza tena kutetea kambi zile mbele ya wabunge wake, na hapo ndipo uwezo wa Bunge ulipoonekana: ule wa kumfanya mwenye kalamu aeleze aliandika nini na kwa nini.

Kabla tusonge mbele, aside ndogo. Mafaili ya mambo hayo yalifichwa. Yalisafirishwa hadi Uingereza na kuwekwa sehemu iitwayo Hanslope Park, na serikali yao haikuyaweka wazi mpaka wazee wa Kenya walipoenda kortini London. Kesi hiyo ndiyo iliyazibua, na Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Sasa piga hesabu: kutoka 1959 hadi 2013 ni miaka 54. Hiyo ndiyo bei ya kanuni ambayo haikukaguliwa siku ilipoandikwa.

Uhuru ulipokuja, tungetarajia Bunge letu lichukue kazi ile. Kwa karatasi lilikuwa na uwezo. Sheria ya zamani ya tafsiri, Sura ya 2, ilisema kanuni zote ziwekwe mezani pa Bunge bila kuchelewa pasipo sababu, na Bunge lingeweza kuzifuta kwa azimio. Lakini waziri asipoziweka mezani, afanywe nini? Kwa vitendo, hakufanywa kitu. Na wabunge wangemuuliza vipi, wakati wenyewe walikuwa wanaangalia nyuma? Oktoba 1975 wabunge wawili, mmoja wao akiwa Naibu Spika, walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Mbunge akiona mwenzake ametolewa Bungeni kupelekwa jela, unadhani kesho atauliza kuhusu uji wa wafungwa?

Sheria ya Magereza yenyewe iliweka wakaguzi wa kuzuru, watu wenye ruhusa ya kuingia jela, kuangalia chakula, kusikiliza malalamiko. Wazo si baya. Lakini wengi waliopewa kazi hiyo kwa vyeo vyao walikuwa maafisa wa serikali ile ile. Ni kama kumtuma kaka ya mwenye duka akapime mizani.

Kwa hivyo katika miaka ya themanini na mwanzo wa tisini, kazi ya Bunge ikafanywa na mama zetu. Tarehe 28 Februari 1992 kikundi cha akina mama, wengine wakongwe kabisa, walienda ofisi ya Mwanasheria Mkuu na ombi lililoandikwa: watoto wetu 52 wamefungwa kwa siasa, waachilieni. Wakaambiwa serikali italiangalia. Wakasema sawa, tutangoja hapa Uhuru Park, tena bila kula. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa marungu na vitoa machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo, na kila Mkenya aliyelelewa na mama anajua maana yake. Tarehe 3 Machi. Siku ile ile ya Hola, miaka 33 baadaye. Walihamia kanisa la All Saints na kukaa huko karibu mwaka mzima, na kufikia mapema 1993 karibu wafungwa wote wa orodha ile walikuwa wameachiliwa.

Ona kwamba hawakupeleka ombi lao Bungeni. Bunge la wakati ule lilikuwa limetokana na uchaguzi wa mlolongo wa 1988, watu kupanga foleni nyuma ya mgombea. Akina mama walijua mlango upi una mtu ndani.

Septemba 2000, gereza la King'ong'o, Nyeri: wafungwa 6 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa walikufa. Maelezo ya kwanza yakasema walikuwa wakitoroka, wakaanguka kutoka kwa ua. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha kipigo. Hola ilikuwa maji, King'ong'o ukawa ukuta. Novemba 2008, Kamiti: safari hii kulikuwa na simu. Mtu alirekodi askari jela wakiwapiga wafungwa wakati wa msako, na picha zikaonyeshwa kwa runinga, nchi nzima ikatazama wakati wa chakula cha jioni. Hapo hakuna maji wala ukuta wa kusingizia.

Na tuwe waadilifu kwa askari jela pia, maana uzi kama huu huwa unawafanya wote mashetani. Aprili mwaka huo huo wa 2008 walikuwa wamegoma. Walilalamikia marupurupu, na walilalamikia nyumba, familia mbili zikigawana chumba kwa pazia. Mtu anayelala hivyo anaamkia zamu ya kulinda mamia ya watu kwenye jengo lililokusudiwa nusu yao. Kanuni zikiwa siri, yeye pia hana kinga. Akiagizwa kufanya kitu kibaya hana karatasi ya kuonyesha kwamba agizo hilo halikubaliki, na mambo yakiharibika ni yeye anayepelekwa kortini, si aliyetoa agizo. Ukitaka kujua nani atafaidika kanuni zikiwekwa hadharani, waulize askari wa vyeo vya chini wakiwa hawajavaa sare.

Kuna mabadiliko yaliyopatikana, tusikatae. Mwaka wa 2003 adhabu ya viboko iliondolewa katika sheria zetu, na mwaka huo huo ikaja sera ya milango wazi, jela zikaanza kuonekana kwa kamera, wafungwa wakapata magodoro na sare bora. Lakini sera ya milango wazi ilikuwa hivyo tu, sera. Aliyeufungua mlango angeweza kuufunga. Tuliliona hilo Machi 2020, korona ilipoingia na ziara za jamaa zikasimamishwa kwa tangazo. Sababu ilikuwepo, sipingi. Ninachosema ni kwamba familia hazikuwa na karatasi ya kusoma inayosema zuio litakaguliwa lini, na nani, kwa kipimo gani. Uliamka ukaambiwa usije.

Sasa tufike Katiba ya 2010, maana hapa watu wengi wa mijadala huchanganyikiwa. Kifungu cha 51 kinasema aliyefungwa au kuzuiliwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa ile isiyoweza kabisa kuendana na kufungwa kwenyewe. Yaani hawezi kutembea anakotaka, hilo ni wazi. Lakini haki ya kutopigwa, kutibiwa, kuandika, kuabudu, hizo hazikuachwa langoni pamoja na mkanda na saa. Kisha kifungu hicho hicho kinaliamuru Bunge, si waziri wala kamishna, litunge sheria ya kuhakikisha watu hawa wanatendewa kibinadamu na lizingatie mikataba ya kimataifa. Bunge lilitii mwaka wa 2014, likapitisha sheria kuhusu watu walionyimwa uhuru. Kwa hivyo mtu akikuambia magereza si kazi ya Bunge, muulize kwa upole kama ameisoma 51(3).

Kifungu cha 94 kinakwenda mbali zaidi. Hakuna mtu wala chombo chenye uwezo wa kutunga kitu chenye nguvu ya sheria Kenya isipokuwa Bunge, ama aliyepewa uwezo huo na Katiba au sheria. Na sheria ikimpa mtu uwezo huo lazima iseme ni kwa kusudi gani, kwa mipaka ipi na kwa kanuni zipi za msingi. Isome hiyo halafu urudi kwa Sheria ya Magereza ya 1962, iliyoandikwa wakati kiongozi wa nchi alikuwa gavana. Utaona jinsi kuti kavu linavyong'ang'ania mnazi.

Halafu kuna ile Sheria Nambari 23 ya 2013 kuhusu sheria ndogo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo silaha inayosahaulika kuliko zote. Inasema waziri akichapisha kanuni, nakala ifike Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Isipofika, kanuni hiyo inakufa. Haingojei kufutwa, inakoma yenyewe. Ikifika, kuna kamati ya Bunge ya sheria ndogo inayoipima: je, inazidi uwezo uliotolewa? Inagusa haki za watu? Wananchi walishirikishwa? Kamati isipotoa ripoti ndani ya siku 28, kanuni inahesabiwa imepita mtihani. Hapo ndipo penye ujanja. Kamati kulala ni sawa na kamati kukubali. Na sheria hiyo inaipa kanuni umri: miaka 10, halafu inakwisha isipokuwa imeongezewa muda ama imetungwa upya. Mwenye kuiandika alijua tabia zetu.

Swali gumu, na hili ndilo ningependa kusikia likijadiliwa badala ya kelele, ni zile karatasi za ngazi ya chini kabisa. Amri za kudumu na waraka wa ndani, je, nazo zifike mezani pa Bunge? Idara husema hapana, hayo ni mambo ya usalama. Na kuna ukweli ndani yake. Ratiba ya misako, idadi ya askari kwa kila mnara, njia ya gari la kubeba washukiwa wa ugaidi, hayo huwezi kuyatangaza kwa gazeti rasmi. Lakini siku ngapi mtu anaweza kufungiwa peke yake si siri ya usalama. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema kupita siku 15 mfululizo ni marufuku, na kila serikali duniani imezisoma. Chakula cha mfungwa kina uzito gani, barua inasomwa na nani, malalamiko yanapelekwa wapi na yajibiwe kwa muda gani, mama aliyeingia na mtoto wa chini ya miaka minne anapata nini cha ziada: taja moja hapo ambalo gaidi atalitumia kuvunja ukuta. Mimi msimamo wangu ni kwamba kinachohusu ukuta kibaki na askari, kinachohusu mwili wa mtu kije mezani.

Na kuna jambo la kuudhi hapa. Novemba 2021 wafungwa watatu wa ugaidi walipotoroka Kamiti, mitambo yote ya serikali iliamka. Mkuu wa magereza akabadilishwa ndani ya siku chache, maswali yakaulizwa kila kona. Vizuri, hilo lilistahili. Lakini mfungwa akitoka akiwa ndani ya jeneza, mitambo hiyo husikika ikiguruma kwa mbali sana, na sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inasema wazi kwamba anayekufa mikononi mwa askari jela, hakimu wa karibu afanye uchunguzi. Si hisani, ni lazima. Familia nyingi hazijui hivyo, huchukua mwili wakazika.

Kosa lingine naliona sana hapa mtandaoni. Mtu anaripoti kisa cha jela, wafuasi wanamwambia apeleke kwa ile mamlaka huru ya kusimamia polisi. Mamlaka ile iliundwa kwa sheria ya 2011 na ni ya polisi. Inaweza kukagua seli za kituo cha polisi. Gereza ni nyumba nyingine. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ndiyo yenye uwezo wa kuingia magerezani kukagua. Lakini chombo maalum cha jela peke yake, chenye nguvu kama kile cha polisi, hatuna, na sijasikia mgombea akikitaja kwa mkutano wa hadhara. Naelewa sababu. Wafungwa waliruhusiwa kupiga kura ya maamuzi ya Agosti 2010, na tangu 2017 wanapiga kura ya urais. Ya mbunge hawapigi. Yule anayepaswa kukagua kanuni zao hawahitaji.

Ndipo tunarudi kwa sisi tulio nje, ambao yeye anatuhitaji. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, libadilishe au lifute sheria yoyote. Kila mtu, hakijasema kila mtu aliye huru. Huhitaji wakili wala shirika, na huhitaji mheshimiwa akushike mkono. Unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza, unampelekea Karani wa Bunge. Unaeleza tatizo, unasema ulijaribu kwa nani kabla ya hapo na ulijibiwa nini, unasema kama jambo liko kortini au la, halafu unataja unachotaka kifanyike. Hapo wengi huharibu. "Bunge liangalie hali ya magereza" si ombi, ni kuugua tu. "Bunge limwite waziri aweke mezani amri zote za kudumu zinazohusu adhabu za wafungwa" hilo ni ombi. Kamati ina siku 60 za kulishughulikia, na kamati ina uwezo wa kuita mashahidi na kudai hati kama Mahakama Kuu.

Kabla ya hapo, tafuta karatasi yenyewe. Sheria ya 2016 ya kupata habari inaipa idara siku 21 kukujibu. Na kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Mtu wako amehamishwa gereza na hamwambiwi alipo, hiyo ni ya saa 48. Andika, weka tarehe, baki na nakala iliyopigwa mhuri. Jibu likija, una ushahidi. Lisipokuja, una ushahidi pia, na ndio unaubandika kwa ombi lako kama kiambatisho cha kwanza.

Ombi linatiwa sahihi na kila mwombaji. Asiyejua kuandika anaweka alama ya kidole gumba, na sheria ya maombi ya 2012 inaikubali sawasawa na sahihi ya wakili. Ukienda siku ya kuona jamaa yako, beba karatasi na wino.